Uso wa Ssalongo

Nnalongo hakuja kugombana.
Aliikunjua fulana juu ya meza yangu pale Bombo,
akainyoosha kwa viganja kama anayetandika kitanda,
akanionyesha: paji la uso limepasuka,
jicho moja limebaki kwenye beseni,
na mdomo, ule uliozicheka baiskeli mbovu za watu
kabla ya kuzitengeneza,
umekuwa doa la chai.
"Nimeifua mara tatu tu," akasema.
"Mara tatu, binti. Nimemzika tena."

Nilimrudishia pesa. Hakuzihesabu.

Ndiyo maana leo niko Nasser Road,
noti nimezifunga kwenye pindo la leso,
karatasi mbili za kuhamishia picha
nimezilaza ndani ya daftari zisivunjike,
na Ssalongo yumo kwenye flashi, mfukoni.
Barabara nzima inanuka wino na gundi.
Kalenda, risiti, kadi za harusi
zinazaliwa mlango kwa mlango.

Byaruhanga ananiuzia kasi.
"Hii, dada, kurasa thelathini kwa dakika!"
Ssalongo hakuwahi kufanya lolote thelathini kwa dakika.
Naomba ukurasa mmoja.
Anatoka mwekundu, kama aliyepigwa kofi.
Printa ya pili inampaka jivu.
Ya tatu inamfanya biringanya.
"Rangi ni rangi," anasema Byaruhanga.
Si kweli.
Kuna weusi wa chungu kilichozoea moto,
kuna weusi wa kahawa iliyoepuliwa mapema kidogo,
na huo wa pili ndio wake,
na mjane wake anaujua hata umeme ukikatika.

Natoa karatasi yangu. Anainua mikono yote miwili:
"Hiyo haiingii humu! Itayeyuka, unitie hasara!"

Pembeni, kwenye kigoda, Atim amefungua tumbo la mashine kuukuu,
kucha zake zina tona ya samawati.
Hainui kichwa.
"Usiulize kasi. Uliza njia.
Karatasi yako nene, haipendi kona.
Tafuta yenye mlango wa nyuma,
iingie imelala, itoke imelala.
Uliza roli la ndani lina moto kiasi gani;
ukizidi, karatasi inanata humo
na mashine yako inageuka jiko la gundi.
Tona ni nne, na haziishi pamoja.
Jumlisha bei ya zote kabla hujacheka.
Na mteja akitaka fulana nyeusi, mwambie ukweli:
nyeupe haimo. Hiyo ni mashine nyingine,
na ni deni jingine."

Anakipiga kifuniko, pa.
Ya kijivu, ina mkwaruzo, nzito kama gunia la mihogo.
"Hii ilikuwa ofisini, imechapa barua tu.
Weka yako. Ikinasa, juu yangu."

Naigeuza picha kama kioo:
kulia kushoto, jina linaanzia mwisho wake.
Mashine inakohoa. Inafikiri.
Karatasi inatoka polepole, imenyooka,
na juu yake mtu wa kahawa
ananitazama kwa upande usio wake.

Duka la jirani lina pasi kubwa.
Sekunde ishirini nazihesabu kwa sauti,
wapita njia wanasimama.
Nabandua kuanzia pembeni,
na sasa kila kitu kimerudi mahali pake,
hata lile pengo la jino.

"Mzuri!" Byaruhanga anapiga makofi. "Nikufungie?"
"Naomba beseni."
"Beseni?"
"Na sabuni ya mche."

"Ingefaa ilale hadi kesho," Atim ananong'ona.
"Ikivumilia leo, kesho haitanisuta."

Bombani nyuma ya duka nafua kama Nnalongo,
kwa hasira kidogo na kwa upendo.
Maji ya kwanza. Ya pili.
Byaruhanga ameacha kuuza; ameshika upande wa pili,
anataka kukamua.
"Usimkamue," namwambia, na mkono wake unalegea.

Maji ya tatu yana povu tu.

Nafuta mikono kwenye gauni.
Haya, sasa tuzungumze bei.